Nati zimetoka, gurudumu limegoma: usikimbilie moto

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Toyota IST yenye rimu za sporti, naishi Tanga jirani na bahari. Wiki iliyopita tairi la nyuma kushoto lilichomwa na msumari. Nati zote nne zilifunguka vizuri, lakini gurudumu likakataa kutoka. Fundi pancha aligonga rimu kwa nyundo mpaka ukingo ukabonyea, halikusogea hata kidogo. Tukarudisha nati, na sasa kila asubuhi najaza upepo. Anasema nipeleke gari kwa mchomeleaji walipashe kwa moto wa gesi. Nikubali? Na limegandaje wakati gari linatembea kila siku?"

Marahaba, dada. Moto usikubali. Nimelitanguliza hilo ili hata ukikatizwa hapa uwe umeshaondoka na la muhimu. Sababu zake nitazieleza chini.

Tuanze na hiyo adha ya kujaza upepo kila asubuhi, maana ndiyo inayokusukuma ufanye mambo kwa pupa. Kama msumari umeingia kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, na tairi lenyewe ni la tyubulesi, yaani halina mpira wa ndani, pancha hiyo inazibwa gurudumu likiwa palepale kwenye gari. Fundi anainua upande ule kwa jeki, anaweka stendi, anazungusha gurudumu mpaka msumari ukae mahali mkono unapofika, anauchomoa na kusukumia ile kamba ya gundi. Si lazima tairi livuliwe. Kama tundu liko ubavuni mwa tairi, hapo hakuna kuziba, tairi ni la kubadilisha. Kabla ya yote mwagia maji ya sabuni, kwenye msumari na pia pale ukingo wa rimu ulipobonyea. Nina wasiwasi kwamba sehemu ya upepo wako inatokea hapo kwenye ubonyeo, na kama ndivyo, ile nyundo ndiyo iliyokuongezea pancha ya pili. Angalia pia kama pana ufa. Rimu ya aluminiamu ikigongwa kwenye ukingo haibonyei tu kama ya chuma, inaweza kupasuka mstari mwembamba usioonekana mpaka uufute vizuri kwa kitambaa.

Ukishaziba, una wiki nzima ya kufanya kazi hii kwa utulivu. Na inataka utulivu kuliko misuli.

Sasa limegandia wapi? Watu wengi hudhani gurudumu linashikwa na nati peke yake, kwa hiyo nati zikitoka na gurudumu likabaki, wanapigwa na butwaa. Siku moja litazame gurudumu likiwa chini. Katikati ya rimu, upande wa ndani, kuna tundu la mviringo. Kwenye gari nako, katikati ya zile stadi nne, yaani boliti zilizosimama ambazo nati hufungwa juu yake, kuna shingo fupi ya chuma iliyojitokeza. Hiyo ndiyo shingo ya habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu. Tundu la rimu linavaa shingo ile kwa kubana sana, ili gurudumu likae katikati bila kuyumba. Kwenye IST shingo ina kipenyo cha milimita 54.1, na rimu ya kiwandani imechongwa kwa kipimo hichohicho. Nafasi kati yao ni ndogo kiasi kwamba hata unywele hauna raha kupita. Lakini maji yanapita.

Hapo ndipo bahari inapoingia. Shingo ni chuma, rimu ni aluminiamu, na katikati kuna unyevu wa chumvi. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri ndogo: umeme mdogo unapita, na metali moja inaliwa. Hapa inayoliwa ni aluminiamu, inatoa unga mweupe kama chokaa. Chuma nacho kinafanya kutu yake nyekundu kama kawaida. Kutu na ule unga vyote huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyovizaa, na kwa kuwa hakuna pa kutanukia, vinajikaza humo kama kabari iliyogongewa pande zote za mduara. Ukifanikiwa kulitoa utaiona: pete nyembamba, upana wa kidole kidogo, nyeupe kwa nje na ya kahawia kwa ndani. Pete hiyo tu ndiyo iliyomshinda kijana wako na nyundo yake.

Gari kutembea kila siku hakusaidii, kwa sababu nati zikikazwa rimu na habu havichezi hata chembe. Linalosaidia ni gurudumu kuvuliwa mara kwa mara. Wewe hukuniambia mara ya mwisho lilivuliwa lini, lakini naweza kubahatisha kuwa ni miaka miwili au zaidi. Pengine pia gari lilikuja na mwanzo wa ugonjwa: magari haya tunayaletewa yakiwa yametumika Japani, na yale yaliyotembea kaskazini kule Hokkaido yamepita majira mengi ya baridi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Yatokayo Uingereza ni hivyohivyo. Ukilala chini ukaona mikono ya gurudumu na bomba la moshi vina kutu ya magamba wakati bodi inang'aa, jua gari lilizoea chumvi kabla halijaiona Tanga.

Nirudi kwenye moto. Mchomeleaji anafikiri kama mtu wa chuma: boliti ikigoma, ipashe iwe nyekundu, itanuke, itoke. Kwa boliti ya trekta ni sawa. Kwa gurudumu lenye tairi ni hatari ya kufa. Mpira ukipashwa joto kali kwa ndani huanza kuoza na kutoa gesi zinazoweza kushika moto, huku upepo uliomo nao ukipanda presha. Tairi linaweza kulipuka, na si lazima lilipuke moto ukiwa unawaka. Linaweza kungoja, watu wameshazima gesi na kusogea karibu kutazama. Kutoa upepo kabla hakuondoi hatari hiyo.

Pia kuna rimu yenyewe. Chuma kikipata moto kinakuonya, kinabadilika rangi, kinakuwa chekundu. Aluminiamu haionyi. Inabaki na rangi yake ileile ya fedha mpaka inafika karibu nyuzi joto 600 na kuyeyuka. Na muda mrefu kabla ya kuyeyuka, uimara ambao kiwanda kiliupa kwa kuipasha na kuipoza kwa vipimo unakuwa umeshapotea. Utaondoka na rimu inayoonekana nzima, kisha siku ya shimo barabarani itakatika. Nyuma ya rimu, tena sentimita chache tu, kuna dramu, ile bakuli ya chuma inayofunika breki, yenye raba za silinda ya breki, mafuta ya breki, na beringi yenye grisi na sili yake. Vyote hivyo vinaiva.

Kwa hiyo hakuna moto. Maji ya moto, hilo ni jambo jingine, nitalifikia.

Kazi yenyewe ianzie jioni, kwa kulowesha. Ng'oa kifuniko cha plastiki cha katikati ya rimu. Mara nyingi kinatoka kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa ili usichubue rangi. Utaona shingo ya habu imeingia ndani ya tundu la rimu, na mzunguko wote wa mahali zinapokutana una mstari wa kutu. Pulizia hapo mafuta ya kulegeza kutu, WD-40 au mengine ya aina hiyo, kwa ule mrija mwembamba, kidogo kidogo ukizunguka duara lote. Usimwage. Unataka yanyonywe kwenye ufa, hutaki yatiririke yakaingie kwenye dramu, maana viatu vya breki vikishika mafuta havishiki tena gari. Ngoja nusu saa, rudia, kisha uende ukalale. Asubuhi rudia tena. Najua kuna mafundi wanaopulizia na kugonga hapohapo, halafu wanasema mafuta hayo ni biashara tu. Hayajapewa muda wa kupenya.

Asubuhi gari liwe mahali tambarare na pagumu, si kwenye mchanga wala nyasi. Gia kwenye P, handibreki juu, kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Mawe ya kawaida yanafaa kama ni makubwa na yana upande wa bapa. Legeza nati gurudumu likiwa bado chini, kila moja mzunguko mmoja tu. Usizitoe.

Hapo kwenye nati naomba unielewe vizuri, kwa sababu ndipo nilipokosea mwenyewe. Nilikuwa kijana wa gereji, nimetoa nati zote kwenye gurudumu lililoganda na kuziweka kwenye kofia, nikakaa chini nikalipiga kwa visigino viwili. Pigo la nne likaachia lote kwa mkupuo. Liliruka likaniangukia kwenye ugoko, na gari likayumba juu ya jeki ambayo sikuiwekea stendi. Gari halikudondoka, na hiyo si kwa sababu ya akili yangu. Tangu siku ile nati zangu zinabaki kwenye stadi mpaka nisikie gurudumu limeachia na nilione likicheza. Nati ikiwa imelegezwa mizunguko miwili au mitatu tu, gurudumu linapata nafasi ya kuchomoka milimita chache, ambazo zinatosha kabisa kuvunja ile pete, lakini haliwezi kwenda popote.

Njia ya kwanza haihitaji jeki. Nati zikiwa zimelegezwa mzunguko mmoja na gari likiwa chini, uzito wake unakalia pete ile. Mtu mmoja asimame ubavuni, ashike nguzo ya mlango juu, alisukume gari kuyumba kulia na kushoto kama anayetikisa mwembe. Mara nyingi utasikia "tak!" moja kavu, na kazi imekwisha. Likikataa, ingia ndani, toa kabari, na hapohapo uani peleka gari mbele mita mbili kwa mwendo wa kutambaa na ukanyage breki kwa ghafla. Rudi nyuma mita mbili, kanyaga tena. Kisha kata usukani mpaka mwisho, fanya hivyohivyo, halafu kata upande wa pili. Kwa gurudumu la nyuma kukata kona ndiko kunakosaidia zaidi, kwa sababu gurudumu linasukumwa ubavuni, wakati breki nyingi za gari zinafanya kazi mbele. Watoto na majirani wakae mbali. Usitoke getini, usijaribu barabarani, na usilegeze nati zaidi ya huo mzunguko mmoja, kwani gurudumu likishaachia linaanza kugonga nyuzi za stadi. Ukisikia tu mlio, simama.

Nakadiria magurudumu mengi yanayoletwa kwangu yanaishia hapo. Lakini yako tuchukulie ni bishi.

Rudisha kabari zako, inua upande wa nyuma kwa jeki mahali palipowekewa alama na kiwanda chini ya bodi, weka stendi, shusha gari likae juu ya stendi. Jeki ile ndogo ya gari ni ya kuinulia, si ya kufanyia kazi. Mtikisiko wa kugonga unaiangusha. Kama huna stendi, ishia hapa na umpelekee fundi mwenye nazo. IST nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele, hivyo gia ya P inashika mbele, na ukishusha handibreki magurudumu ya nyuma yanabaki huru kuzunguka. Ndiyo maana nikasema kabari za mbele ziwe za maana, na ziwe pande zote mbili. Kama yako ni ile inayovuta magurudumu yote manne, kazi hii mwachie fundi.

Legeza nati zifike mizunguko mitatu. Kaa chini ukitazamana na gurudumu, mikono nyuma yako, na upige ukuta wa tairi kwa kisigino, juu kushoto, kisha chini kulia. Zungusha robo, piga tena. Piga mpira, si rimu. Nguvu ya kupiga katikati inapotea bure. Ukipiga ukingoni mwa tairi gurudumu linajaribu kupinda kwenye shingo, na kila ukibadilisha upande pete inapasuka kidogo kidogo. Ni kama kung'oa msumari mkongwe kwenye mbao: hauvuti moja kwa moja, unauchezesha.

Visigino vikishindwa, tafuta mbao ngumu ya inchi 2 kwa 4 yenye urefu wa mita mbili hivi, na nyundo kubwa ya kilo tatu au nne. Mbao inapitishwa chini ya gari kutokea upande wa pili, ncha yake ikae kwenye ukuta wa ndani wa tairi lililogoma, na mpigaji abaki nje ya gari upande wa kulia akigonga ncha ya huku. Hakuna mtu anayelala chini ya gari, hata kichwa tu, hata dakika moja. Mtu wa pili anaielekeza mbao akiwa nje vilevile. Ncha isikae kwenye dramu, isikae kwenye bomba la breki, isikae kwenye shokapu. Gonga mara moja kwa uzito, zungusha gurudumu robo, gonga tena. Kwa gurudumu la mbele kazi ni rahisi zaidi kwa sababu unakata usukani mpaka mwisho na ukuta wa ndani wa tairi unajitokeza wenyewe, unaweza kuugonga kwa mbao fupi ukiwa umesimama kando.

Kijana wako alikosea mahali pa kupiga. Aligonga rimu kutokea nje, yaani alikuwa anairudisha ndani ilikotakiwa kutoka.

Sasa yale maji. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Kwenye tundu la milimita 54, ukiipandisha rimu nyuzi 50 wakati shingo bado ya baridi, tundu linapanuka kama milimita 0.06. Kidogo, ni zaidi kidogo ya nusu ya unene wa karatasi, lakini pete tunayopigana nayo nayo si nene. Chemsha birika zima, mimina taratibu katikati ya rimu kuzunguka tundu, si kwenye tairi, kisha ugonge mara moja kabla joto halijaingia kwenye habu. Rimu na habu vikishapata joto pamoja faida inapungua nusu. Si muujiza, ila maji hayo yameniokoa mara kadhaa kwenye rimu ambazo sikutaka kuzigusa kwa chochote kikali. Kama rimu ni ya chuma maji yanasaidia kidogo tu, kwa kuwa chuma hutanuka karibu nusu ya aluminiamu, na joto likishaenea rimu na habu vitatanuka sawa.

Nondo usiingize. Nimeona mtu anachomeka nondo kati ya rimu na dramu na kuibinya kama anafungua kreti. Kwa nyuma anapasua dramu, ambayo ni chuma cha kusubu na hakipindi, kinameguka. Kwa mbele anakunja diski, na ukiondoka hapo usukani unatetemeka kila ukishika breki, hujui kwa nini.

Jambo moja la gurudumu la nyuma la IST ambalo linawatisha wengi: likiachia, linaweza kuja na dramu yake. Dramu haijafungwa kwa boliti za peke yake, inakaa kwenye stadi zilezile na inabanwa na rimu. Kwa hiyo ukiona viatu vya breki na springi vimejitokeza, hujaharibu kitu. Usikanyage breki hata kidogo dramu ikiwa nje, maana pistoni za silinda zitasukumwa nje na mafuta yatamwagika. Laza gurudumu, gonga dramu kwa nyundo ya mpira itengane na rimu. Na siku dramu ikigandia kwenye habu wakati rimu imetoka, itazame usoni: ina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Wengi hawayajui ni ya nini. Unafunga humo boliti mbili za milimita 8 zenye nyuzi za 1.25, unazikaza kwa zamu nusu mzunguko kila moja, na dramu inajisukuma yenyewe nje, handibreki ikiwa chini.

Gurudumu likishatoka, usikimbilie kuweka la spea na kushangilia. Kazi iliyolisababisha lisitoke ni hii ambayo haikufanywa na aliyelifunga mara ya mwisho. Chukua brashi ya waya na msasa, sugua shingo ya habu mpaka uone chuma, sugua uso wa bapa unaokutana na rimu, sugua ndani ya tundu la rimu. Kwa aluminiamu tumia msasa laini na mkono mwepesi, unaondoa unga mweupe tu, hupanui tundu. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Magamba ya kutu yakibaki kwenye uso wa bapa, utakaza nati juu ya magamba. Yakisagika baada ya siku chache, nati zinakuwa zimelegea bila mtu kuzigusa.

Kisha grisi, na hapa ndipo watu wanaharibu. Paka utando mwembamba sana wa grisi ya kuzuia kuganda kwenye shingo ya habu peke yake, kile kimduara kinachoingia kwenye tundu. Ukikosa hiyo maalumu, grisi ya kawaida inatosha kwa mwaka. Usipake kwenye uso wa bapa. Usipake kwenye nyuzi za stadi, na usipake pale nati inapokalia rimu. Gurudumu halining'inii kwenye stadi kama picha kwenye msumari, linashikwa na msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa, na nati zenyewe zinashikwa na msuguano vilevile. Ukiziteleza kwa grisi, kukaza kulekule kwa spana kunavuta stadi zaidi ya uwezo wake. Kama yale mafuta ya jana yamefika kwenye stadi, zifute zikauke.

Nati za IST ni za milimita 12 kwa nyuzi za 1.5, spana yake ni ya 21, na kipimo cha kukaza ni nyutoni mita 103. Fundi mwenye spana ya kipimo anapiga mpaka isikike "kli", basi. Wewe ukiwa na spana ya kawaida yenye urefu wa sentimita 35, ni sawa na kusukuma ncha yake kwa uzito wa kilo 30 hivi. Mtu wa kilo 70 akipanda juu ya spana hiyo na kusimama tu, bila kuruka, ameshapita mara mbili ya kipimo. Ndiyo maana siku ya pancha njiani akinamama wengi wanashindwa kufungua nati, na wanaambiwa hawana nguvu, wakati aliyezikaza ndiye aliyezidisha. Kaza kwa msalaba, nati inayotazamana na mwenzake, kwanza kwa mkono, kisha kwa spana gari likiwa juu, mwisho kwa nguvu kamili gari likiwa chini. Tembea kilomita 50 hadi 100, kama kwenda Muheza na kurudi, halafu zikaze tena kwa kipimo kilekile. Hakikisha pia nati zinalingana na rimu: kuna rimu za sporti za kiwandani za Toyota zinazotumia nati yenye shingo ndefu na washa ya bapa, na nyingine nati yenye mdomo wa koni. Moja haikai mahali pa nyingine, hata kama nyuzi zinaingia.

Halafu dada, magurudumu mengine matatu yamekaa kwenye upepo uleule wa bahari kwa muda uleule. Jumamosi hiyohiyo, wakati mafuta, nyundo na jirani wa kushika mbao bado wapo, yavue yote moja moja, sugua, paka, rudisha. Baada ya hapo kila ukifika kilomita 10,000 mwambie fundi ayahamishe ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Matairi yataisha sawa, na hakuna pete itakayopata muda wa kukomaa.

Na fungua buti utazame tairi la spea. Lile skrubu kubwa la katikati linaloshikilia spea nalo ni chuma kwenye chuma, na nimeona watu wakilia nalo usiku kuliko nati. Lilegeze leo, lipake grisi. Kama spea yako ni ile nyembamba ya muda, inataka upepo wa psi 60, si 30 kama matairi mengine, na haitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Zilizo nyingi nikizipima hazifiki hata 20.